Ubao wa Hadithi au Mpangopicha? Tahakiki ya Istilahi Chache za Uhuishaji

Utangulizi

Lengo la makala haya ni kuzipima istilahi chache zinazotumika, au zinazopendekezwa kutumika, katika fani ya kutengeneza hadithi fupi za picha zinazokwenda. Hatukusudii kuorodhesha maneno yote ya fani hiyo, kwani orodha ya namna hiyo ni kazi ya kamati. Tutazitazama hatua mbili tu: hatua ya kuipanga hadithi mpya kwa michoro, na hatua ya kuiunganisha michoro hiyo na muda na sauti kabla ya kazi kubwa kuanza. Kisha tutauliza kama maneno tuliyo nayo yanamsaidia mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali kuielewa kazi yenyewe, au yanampoteza njia.

Huenda wako wasomaji watakaoona kuwa jambo hili ni dogo, kwa kuwa katuni ni mambo ya watoto. Hatuafikiani nao. Tangu mwaka 2014 watoto wetu wamepata masomo ya hesabu na sayansi kwa njia ya Ubongo Kids, kipindi kilichozaliwa Dar es Salaam. Kabla ya hapo, mwaka 2010, kulitokea Tinga Tinga Tales, kazi iliyofanyiwa Nairobi kwa ushirikiano na Waingereza, ambayo mtindo wake ulitokana na uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam na marehemu Edward Saidi Tingatinga. Na mwaka 2023 zilitolewa filamu fupi kumi za wasanii wa nchi mbalimbali za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, chini ya jina la Kizazi Moto. Jina hilo ni la Kiswahili, na hapana shaka kwamba ni heshima kwa lugha yetu kuandikwa juu ya mlango wa nyumba kubwa kama hiyo. Lakini lugha haikui kwa kuandikwa mlangoni tu. Hukua inapoingia karakanani na kutumiwa na mafundi katika kuelekezana, kukosoana na kulipana.

Katuni, kibonzo na uhuishaji

Tuanze na jina la fani yenyewe, kwani jina la fani likitikisika, maneno yote yaliyo chini yake hutikisika pia. Maneno matatu yanashindana: katuni, kibonzo na uhuishaji.

Katuni na kibonzo yamekwisha kukubalika kwa watu, na hatuna sababu ya kuyafukuza. Hata hivyo yote mawili yana upungufu mmoja. Mchoro wa kuchekesha uliochapishwa gazetini, ambao haujongei hata kidogo, ni katuni. Picha inayoruka na kuimba katika televisheni nayo ni katuni. Kwa mazungumzo ya kawaida haidhuru, lakini kwa istilahi inadhuru, maana sharti la kwanza la istilahi ni kutenga dhana moja na nyingine. Zaidi ya hayo, kuna filamu za aina hii ambazo si katuni kwa vyovyote. Lotte Reiniger wa Ujerumani, katika filamu yake ya mwaka 1926 juu ya mwana wa mfalme Achmed, iliyotokana na ngano za Alfu Lela Ulela, alitumia vivuli vya karatasi zilizokatwa kwa mkasi. Wengine hutumia udongo, wengine vikaragosi, wengine mchanga. Hao wote hufanya kazi moja, nayo ni kukifanya kitu kisicho na uhai kionekane kuwa kina uhai.

Hapo ndipo neno uhuishaji linapoonyesha nguvu yake. Kitenzi huisha kina maana ya kutia uhai, na mzizi wake ni uleule wa neno hai. Msomaji asiyewahi kulisikia neno hilo anaweza kuikisia maana yake kwa kulichambua tu, na hiyo ni sifa kubwa ya istilahi. Kasoro yake ni kwamba katika ofisi zetu huisha limekwisha kupewa kazi nyingine. Tunahuisha leseni, tunahuisha taarifa za watumishi. Kwa hiyo mtu anayesoma barua yenye kichwa "Gharama za Uhuishaji" hawezi kujua mara moja kama inahusu filamu au leseni. Maoni yetu ni kuwa kasoro hii si ya kulitupa neno. Inatosha kusema uhuishaji wa picha pale ambapo utata unaweza kutokea, na kuacha uhuishaji peke yake ndani ya fani.

Ubao ambao haupo

Sasa tuingie katika hatua ya kwanza. Msanii aliyekwisha kupata kisa chake hakimbilii kuchora maelfu ya picha. Kwanza hukigawa kisa katika vipande, akachora kila kipande kwa picha moja ya haraka, na kuzipanga picha hizo kwa utaratibu ambao mtazamaji atazipokea. Pembeni au chini ya kila picha huandika kinachotendeka, kinachosemwa na kinachosikika. Tafsiri inayomjia mtu kwanza kwa kitu hicho ni ubao wa hadithi.

Tafsiri hiyo imefuata neno la kigeni sisisi, silabi kwa silabi, bila kuuliza kwa nini wenye neno walisema ubao. Sababu ni ya kihistoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika karakana ya Walt Disney huko Marekani, wachoraji walianza kubandika michoro ya hadithi kwa pini juu ya mbao kubwa za ukutani. Webb Smith ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wa mtindo huo, na filamu ya watoto watatu wa nguruwe ya mwaka 1933 ilikuwa miongoni mwa za kwanza kupangwa hivyo kikamilifu. Faida ya ubao ilikuwa moja: mchoro uliobandikwa kwa pini huweza kubanduliwa, ukahamishwa au ukatupwa, nao wachoraji wote wakasimama na kuitazama hadithi nzima kwa mara moja.

Kwa hiyo ubao ulikuwa chombo tu. Leo wasanii wengi hufanya kazi hiyo katika daftari au katika kompyuta, na ubao wenyewe haupo. Wao wamebaki na neno kwa mazoea, nasi hatuna deni la mazoea hayo. Kwetu ubao ni kitu cha darasani cha kuandikia kwa chaki, na mwalimu akiwaambia wanafunzi watengeneze ubao wa hadithi, hatashangaa akiona wamekwenda kwa seremala. Tena hadithi si sifa inayokitenga kitu hiki, maana hadithi imo pia katika mswada na katika filamu yenyewe. Neno hili, basi, limeshika vitu viwili visivyo vya msingi, ubao na hadithi, likaacha viwili vilivyo vya msingi, yaani picha na mpango.

Tunapendekeza mpangopicha, wingi wake mipangopicha. Kitenzi panga kina maana mbili zinazofaa hapa kwa pamoja: kuweka vitu kwa safu, na kuamua jambo kabla ya kulitenda. Mwambatano wa namna hii si mgeni katika lugha. Wananchi waliokwisha kulipokea neno mwendokasi kwa mabasi ya Dar es Salaam hawatashindwa na mpangopicha. Kila picha moja ndani ya mpango huo tungeiita kisanduku, ili tuitenge na fremu, ambayo ni picha moja ya filamu. Utengano huu ni wa lazima. Filamu ya kawaida hupitisha fremu 24 kwa kila sekunde, ilhali kisanduku kimoja chaweza kusimama mahali pa sekunde tano nzima. Mfasiri akiviita vyote picha, hesabu yote ya kazi itaharibika.

Istilahi katika majaribio

Istilahi haipimwi kwa kutazamwa katika orodha; hupimwa kwa kutumiwa. Hebu tutunge kisa kifupi cha sekunde 90, tuone kama maneno yetu yatatufikisha.

Bibi na mjukuu wake wametoka kutafuta pweza wakati maji ya bamvua yamekupwa. Mjukuu anamwona pweza mkubwa ndani ya tundu la mwamba, anaingiza mkono, naye pweza anashikilia. Bibi anaita kwamba maji yanarudi. Mjukuu hasikii, au anajifanya hasikii. Maji yanapanda, pakacha lao lenye pweza wadogo linaelea na kwenda zake. Mwishoni mjukuu anamwachilia pweza na kuushika mkono wa bibi.

Katika mpangopicha kisanduku cha kwanza ni picha ya mbali: mwamba mkavu hadi upeo wa macho, na watu wawili wadogo kama nukta. Cha pili ni uso wa mjukuu, karibu sana, akichungulia tundu. Cha tatu ni mkono ukizama ndani. Cha nne ni pakacha likielea. Cha tano ni miguu ya bibi, maji yakiwa kwenye kifundo. Cha sita ni mikono miwili ikishikana.

Mpango huu una kasoro, na tunaweza kuiona kwa kuvitazama visanduku tu. Pakacha likielea kabla hatujaona maji yanapanda, mtazamaji atashtuka, kisha basi. Tukibadilisha cha nne na cha tano, mambo yanageuka. Mtazamaji anaona maji kwenye kifundo cha bibi ilhali mkono wa mtoto ungali tunduni. Anajua hatari ambayo mtoto haijui, na tangu hapo anaogopa kwa niaba yake. Hatukuongeza mchoro hata mmoja; tumepanga upya vilivyokuwapo. Hiyo ndiyo kazi halisi ya hatua hii, na ndiyo sababu tunasisitiza kwamba mpango uonekane ndani ya jina. Mwanafunzi anayefundishwa kwa neno ubao atadhani kazi yake ni kujaza nafasi kwa michoro mizuri. Anayefundishwa kwa neno mpango atajua kwamba mchoro mzuri usio mahali pake hauna budi kuondoka.

Filamu shikizi

Hata hivyo mpangopicha una jambo moja usiloweza kulisema, nalo ni muda. Kisanduku cha miguu ya bibi kikitazamwa kwa sekunde moja ni taarifa tu: maji yamefika. Kikitazamwa kwa sekunde nne, hakuna sauti ila ya maji, ni jambo jingine kabisa. Karatasi haiwezi kutuambia lipi ni bora. Kwa sababu hiyo wasanii huvichukua visanduku vyote, wakaviweka katika filamu moja baada ya kingine kwa urefu unaokusudiwa, wakatia sauti za kujaribia, kisha wakaketi kuitazama. Michoro bado haijongei, lakini muda unakwenda.

Kitu hiki wengi hukiita kwa neno la kigeni lilivyo, na baadhi wamelitohoa kuwa animatiki. Inafaa kukumbuka kwamba hata wenyewe hawakuwa na jina moja. Katika karakana ya Disney filamu za majaribio za namna hii zilipewa jina kutokana na kamera ya Leica ya Ujerumani. Ikiwa jina lilitokana na chombo hata lilipokotoka, na baadaye likabadilika, basi hapana jina takatifu la kulindwa.

Animatiki ina wepesi wa kutamkika, lakini haimwambii Mswahili chochote. Mbaya zaidi, kwa sauti yake yaelekea kudhaniwa kuwa ni kitu cha kujiendesha chenyewe, kwa kuwa masikio yetu yamekwisha kulizoea neno otomatiki. Wengine wangependa filamu ya majaribio. Neno hilo linaeleweka, ila lina wenyewe: hutumika kwa filamu kamili inayotolewa ili kupima soko, na pia kwa filamu za wasanii wanaojaribu mitindo mipya.

Sisi tumetazama upande wa mafundi wetu wa nguo. Fundi akishakata kitambaa haendi moja kwa moja kwenye cherehani. Kwanza hukishikiza kwa uzi, akamvalisha mwenye nguo, akaona panapobana na panapopwaya. Uzi ule hutolewa baadaye. Kuna anayeweza kusema, basi tutumie bandi, kwa kuwa fundi hupiga bandi. Tungelipenda neno hilo, lakini filamu ya bandi ikitamkwa haraka itasikika filamu bandia, na hakuna msanii atakayetaka kazi yake iitwe hivyo katika nchi ambamo nakala za wizi zimemnyang'anya riziki.

Shikiza, kwa upande mwingine, limekwisha kuzaa neno ambalo walimu na watumishi wa serikali nchini Tanzania wanalifahamu vizuri, yaani shikizi. Shule shikizi ni mahali panapowashikilia watoto kimasomo wakati shule kamili haijawa tayari. Kwa kufuata mfano huo tunapendekeza filamu shikizi. Nayo ni filamu inayoshika nafasi ya filamu kamili kwa muda, na itakayoondoka sehemu kwa sehemu kadiri michoro iliyohuishwa inavyoingia mahali pake. Faida ya pili ni kwamba neno hili linazaa. Sauti iliyorekodiwa kwa haraka na mchoraji mwenyewe, kabla ya mwigizaji kupatikana, ni sauti shikizi. Muziki uliowekwa ili kujaribia ni muziki shikizi. Istilahi moja ikitoa tatu zinazoeleweka bila maelezo, tuna haki ya kusema ina afya.

Hasara ya neno rasimu

Tumekwisha kusikia hoja kwamba maneno yote haya ni mzigo wa bure, kwa vile tunalo neno rasimu, na kila hatua ya kwanza ya kazi yoyote ni rasimu. Hoja hii inavutia, hasa kwa watu wa ofisi. Lakini ni huko huko ofisini ambako hasara yake itaonekana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ofisi fulani inataka filamu ya sekunde 90 ya kuwafundisha wananchi kunawa mikono. Mkataba unasema malipo ya pili yatatolewa baada ya rasimu kukubaliwa. Msanii analeta mpangopicha. Ofisi inautazama, inaupenda, inatia sahihi, na fedha zinalipwa. Miezi michache baadaye filamu inaletwa, na ofisi inasema sehemu ya kusugua mikono inakwenda haraka mno, mwananchi hawezi kuifuata. Msanii anasema rasimu ilikubaliwa. Ofisi inasema rasimu haikuonyesha mwendo. Wote wawili wanasema kweli, na mkataba hauwezi kuwaamua.

Tufanye hesabu. Filamu ya sekunde 90 ina fremu 2,160. Hata kama kila mchoro utatumika kwa fremu mbili, kama ilivyo desturi ya wahuishaji wengi, ni michoro 1,080. Kurudia sekunde 20 tu ni fremu 480, yaani michoro 240. Katika filamu shikizi, sehemu hiyohiyo ingerefushwa bila kuongeza mchoro hata mmoja. Laiti mkataba ungetaja mambo mawili kwa majina mawili, kwamba mpangopicha ukubaliwe kwanza na filamu shikizi ikubaliwe baadaye, ofisi ingejua inakubali nini kila mara: kwanza mfuatano, kisha muda. Neno lililokosekana hapa lina bei, na aghalabu anayeilipa ni mchoraji.

Kuhusu utohozi

Lazima tuwatendee haki wanaopendelea kutohoa. Hoja yao ni kwamba vijana walioko karakanani wamekwisha zoea kusema storibodi na animatiki, na kwamba kamati haiwezi kumfuata fundi na kumfunga mdomo. Tunakubali. Wala hatudai kwamba neno la kutoholewa ni la aibu. Redio, kamera na filamu yenyewe ni maneno ya kuja, nayo yameota mizizi. Fremu tumeipokea bila kinyongo, kwa kuwa mafundi wa picha na wa milango waliitumia kabla yetu.

Lakini kuna tofauti kati ya jina la chombo na jina la hatua ya kazi. Chombo mtu hukiona kwa macho, na jina lolote litakalopachikwa litashika. Hatua ya kazi haionekani. Hujulikana kwa maelezo tu, na jina lake ndilo maelezo ya kwanza. Kwa hiyo kanuni yetu ingekuwa hii: chombo na kitoholewe, hatua ielezwe. Kwa kanuni hiyo mchoraji ataendelea kusema kamera na kompyuta, na mwanafunzi wake atapata mpangopicha na filamu shikizi.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba uhuishaji ni neno linalofaa kuimarishwa, na kwamba katuni na kibonzo yabaki katika nafasi zao za kawaida. Tumeonyesha kwamba ubao wa hadithi ni tafsiri ya chombo ambacho aghalabu hakipo tena, na kwamba rasimu huficha tofauti yenye gharama. Mahali pake tumependekeza mpangopicha, kisanduku, fremu, filamu shikizi, sauti shikizi na muziki shikizi.

Mapendekezo haya si sheria. Tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, Baraza la Kiswahili la Taifa ndilo lenye dhamana ya kusanifu istilahi nchini Tanzania, na hatuna nia ya kujitwalia kazi hiyo. Tunaomba mambo mawili tu. Kwanza, kabla ya kamati yoyote kuidhinisha maneno ya fani hii, iwaite wahuishaji na kuyajaribu maneno hayo juu ya hadithi moja fupi, kisanduku kwa kisanduku, kama tulivyofanya kwa bibi na mjukuu wake. Pili, watumishi wa serikali wanaoandika mikataba ya filamu za elimu wasingoje orodha. Waandike hatua hizi mbili kwa majina mawili tofauti, yawe haya yetu au mengine bora kuliko haya, ili kila upande ujue kilichokubaliwa kabla kalamu ya mchoraji haijaanza kuchora fremu ya kwanza.